Bariere ya Papa na Mipira ya Mume Wangu

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla barabara haijaingia msituni. Ukitoka Masisi ukapita Nyabiondo, vilima vinaanza kushuka, mashamba ya maharagi yanapungua, na mbele yako, upande wa Walikale, unaona miti tu. Hapo ndipo serikali ya Wabelgiji iliweka bariere, na mlinzi wake alikuwa Papa, baba yangu. Ilikuwa mti mrefu uliolazwa juu ya panda mbili, na jiwe limefungwa upande mmoja ili uweze kuinuliwa bila shida. Mvua ikianza, Papa aliushusha. Motokari zote zilisimama, za wazungu na za watu weusi, mpaka barabara ikauke, maana gari likipita kwenye udongo mbichi linachimba mifereji, na waliofukia mifereji ile kwa majembe walikuwa Papa na wenzake wa barabara.

Papa alijua ukavu kwa kisigino. Alitembea hadi kwenye kona, akakandamiza udongo, akatazama alama, akarudi. Mara nyingine alikosea, na jioni ile yeye mwenyewe alikuwa barabarani na jembe, akifukia alichoruhusu.

Kwa hiyo mimi nilikulia kati ya watu wanaongoja. Mama na mimi tulipika maharagi na mihogo, tukawauzia madereva waliokaa chini ya paa la ukumbi wetu. Walizungumza juu ya magari kama wafugaji wanavyozungumza juu ya ng'ombe. Nikiwa bado msichana nilijua kwamba tairi, ambazo kwetu tuliziita mipira, hazifanani. Kuna za mistari, zenye mifereji myembamba inayozunguka mpira mzima, na kuna za meno, zenye vipande vinene vinavyouma matope. Asubuhi, nikienda kuteka maji, niliweza kusema gari gani limepita kwa kuangalia tu alama lililoacha.

Mwanaume aliyenioa alikuja kwetu kwa njia hiyo hiyo, kwa kufungiwa na mvua. Alikuwa ameendesha gari la mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kwa miaka mingi, na yule mzungu aliporudi kwao alimwachia kamioneti lake la zamani, gari dogo la mizigo lililo wazi nyuma. Alipeleka maharagi na kabichi kutoka Masisi hadi Walikale, akarudi na mafuta ya mawese na samaki wakavu. Kila juma alipita kwetu, akienda na akirudi, na kila mara tulimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu alikuja mbio. Kuku walimjua. Mama alimjua kwa kuku.

"Huyu kijana anakimbizwa na nini?" aliuliza Mama.

"Na hakuna kitu," alisema Papa. "Anapenda tu."

Ni kweli alipenda. Sikuwahi kuona mtu anayependa kitu namna ile. Akiwa amekaa chini ya ukumbi, mkono wake ulizunguka hewani bila yeye kujua, kama ameshika usukani, akituonyesha jinsi alivyoipata kona fulani. Kwa miguu alikuwa mtu wa polepole, mpole hata. Alikula bila haraka na alimshukuru Mama kila mara.

Aliponiposa, Papa hakukataa na hakukubali. Alizunguka kamioneti, akainama kwenye magurudumu. Mipira ile ilikuwa ya yule mzungu, imechakaa mpaka imekuwa laini kama tumbo la sufuria. Mahali pengine nyuzi zilikuwa zimetokeza.

"Gari yako iko miguu mitupu," Papa alimwambia.

"Nitabadilisha, Papa."

"Sawa. Mutoto wangu hatapanda hii."

Ndoa yetu ilifungwa misheni baada ya mavuno ya maharagi. Mbuzi walitolewa, watu walikula, na mimi nilihamia kwake, Masisi. Lakini kwa sababu ya neno lile la Papa sikupanda gari. Nilikwenda kwa mume wangu kwa miguu, na sanduku langu likabebwa kichwani na dada zangu, huku yeye akitufuata nyuma kwa gari tupu, polepole, kwa aibu. Watu wa Nyabiondo walicheka sana. Yeye pia alicheka, lakini siku chache baadaye mpira mmoja ulipasuka karibu na Sake, na hapo akasema imetosha, twende Goma tununue; mimi nilishuka kwa lori la dereva mwenzake.

Duka lilikuwa la Mgiriki mmoja mnene aliyesema Kiswahili vizuri kuliko baadhi ya watu wa kwetu. Mipira ilipangwa ukutani hadi kwenye dari, na harufu yake ilinifanya nikohoe. Mume wangu aliingia mle kama mtu anayeingia kanisani. Alivua kofia. Alipitisha kiganja juu ya mpira mmoja, akabonyeza kwa ukucha kuona kama umekauka, akaugonga kwa vidole akasikiliza.

"Unatembea wapi zaidi?" Mgiriki alimwuliza.

"Goma, Sake, Masisi, Walikale."

"Wapi zaidi?"

Mume wangu alirudisha kiganja juu ya mpira. "Hapa kwenye mawe," alisema. "Goma na Sake."

Nilimtazama. Kipande kile, ambapo barabara inapita tambarare juu ya mawe meusi ya volkano, alikifikia mara chache tu, alipokuja kununua chumvi na vitambaa vya kuuza. Siku nyingine zote alikuwa kwenye udongo. Lakini moyo wake ulikuwa pale, kwa sababu pale tu gari liliweza kwenda jinsi alivyotaka.

Mgiriki akateremsha mipira ya aina mbili, na ya tatu akaiacha pembeni, ile ya zamani iliyovikwa mpira mpya juu, akisema hatamwuzia mtu anayekwenda mbio kitu kinachoweza kuvua nguo njiani. Halafu akaeleza. Wa meno utakutoa kwenye matope, lakini kwenye barabara ngumu unapiga kelele, unatikisa usukani, na mawe yatakula meno yake upesi. Wa mistari unakwenda kimya, unashika kona vizuri, unadumu kwenye mawe. Kwenye udongo mkavu ni mzuri pia.

"Na udongo ukilowa?" niliuliza mimi.

Mgiriki aliinua mabega. "Mama, ukilowa, anangoja."

"Bariere iko," alisema mume wangu, akicheka. "Papa yake njo anaifunga. Nikifungiwa, ninakula vizuri."

"Chukua mbili za meno za nyuma," nilimwambia. "Mbele weka za mistari."

"Hapana. Gari itakuwa kama muntu mwenye kiatu na ndara."

Akachukua za mistari, zote. Gari lilikuwa lake, na mimi nilikuwa bibi arusi. Alizifunga mwenyewe palepale mbele ya duka, amepiga magoti, akipaka povu la sabuni kwenye ukingo ili mpira uingie kwenye chuma, na alipomaliza alizipangusa kwa kitambaa ingawa tulikuwa tunaingia kwenye vumbi.

Siku ile nilipanda gari lake kwa mara ya kwanza. Lazima niseme ukweli wa siku ile: ilikuwa nzuri. Tulipofika kwenye tambarare aliniangalia, nami sikusema hapana. Gari liliacha kutetemeka, likaanza kwenda kama kitu kinachomiminwa. Sauti ya mipira kwenye changarawe ilikuwa moja tu, nyembamba, isiyokatika. Kitambaa changu cha kichwa kiliruka dirishani na hatukusimama kukiokota. Mbele yetu kulikuwa na gari dogo la mwenye shamba fulani. Tukalifikia, tukalipita kwenye kona, na niliona uso mwekundu ukigeuka kwa mshangao.

"Umeona?" mume wangu alisema. "Hata haikuteleza. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Mikono yangu ilikuwa imeshika kiti, lakini mdomo wangu ulikuwa unacheka.

Kiangazi chote kilikwenda hivyo. Alifika Walikale mapema kuliko wengine, samaki wake walikuwa wa kwanza sokoni Masisi, na watu wakaanza kumwita kwa jina la ndege fulani wa mtoni anayeruka chini chini juu ya maji. Kisha mvua zikarudi.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mkwe hashindani na baba mkwe wake. Hamjibu, hamkazii macho, na mambo magumu kati yao hupitishwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu nilipanda gari mara nyingi kwenda kumsaidia Mama, aliyekuwa ameanza kuumwa mgongo.

Papa aliziangalia zile tairi siku ya kwanza ya mvua, akasonya. Barabara ilipokauka nusu, aliinua bariere kwa lori lililokuwa na meno. Likapita. Mume wangu akawasha gari lake. Papa akashusha mti.

Mume wangu alishuka, akaja jikoni. "Mwambie Papa kama ile lori imepita, na mimi nipite."

Nikatoka nje. "Papa, anasema ile lori imepita."

"Mwambie ile lori iko na meno. Yeye atachora barabara yangu kama mutoto na makaa."

Nikarudi. "Anasema ungoje."

"Mwambie hii ni kunifunga mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ni mukwe."

Nikatoka tena. Papa alisikia tayari, maana jikoni hapakuwa mbali. Alisema kwa sauti, akitazama msituni: "Bariere inafunga mipira. Haijui mukwe."

Msimu wote ulikuwa hivyo. Wengine walipita na yeye alingoja, wakati mwingine hadi kesho yake, na kabichi zikaanza kunuka nyuma ya gari. Alipofika Walikale alikuta wenzake wameshauza. Nilimwambia tena abadilishe za nyuma. Alisema mipira bado mipya, mtu hatupi mpira mpya. Lakini nilimjua, hakuwa anafikiria upya wa mipira. Alikuwa anafikiria ile sauti moja, nyembamba, na hakutaka kuiacha. Akawa mkali nyumbani, yeye ambaye hakuwa mkali.

Siku ninayotaka kusimulia, mvua ilikuwa imekatika asubuhi na jua lilikuwa limetoka. Yeye alikuwa anatoka Walikale na samaki, na mbele yake kulikuwa na lori la meno. Kutoka upande ule barabara inashuka kidogo kabla ya kufika kwenye bariere. Nilikuwa mlangoni mwa jiko nikimenya mihogo, kwa hiyo niliona yote.

Papa aliinua mti, lori likaanza kupita. Mume wangu alikuja nyuma yake, karibu sana, na nilielewa kwamba amekusudia kupita kabla mti haujashuka. Papa naye alielewa. Hakushusha mti; aliuacha juu, akaingia mwenyewe katikati ya barabara, akanyoosha mkono.

Mume wangu alikanyaga breki. Magurudumu yalisimama, lakini gari halikusimama. Lilikuja polepole, kama mtu anayesukuma meza sakafuni, na lilipokuja lilianza kugeuka ubavu. Hapakuwa na kelele yoyote. Nilimwona mume wangu akizungusha usukani huku na huku na gari halimsikii. Papa alirudi nyuma hatua moja, nyingine, kisigino chake kikakosa ukingo, akaanguka ndani ya mfereji wa maji. Mkia wa gari ukagonga ile panda, mti wa bariere ukaanguka, ukampiga juu ya paja.

Nilipofika, mume wangu alikuwa ameshaingia mferejini. Alimwita Papa, akamwita, na Papa alimtazama tu. Mguu ulikuwa umekaa vibaya. Mama alikuja akipiga kelele. Mimi sikulia, nilishangaa kuona kwamba bado nimeshika kisu cha mihogo.

Lori lilikuwa limeshakwenda. Hospitali ya misheni ilikuwa Masisi, na barabara ya kwenda Masisi inapanda. Hapakuwa na gari lingine ila lile. Majirani waliteremsha samaki, wakatandika majani ya migomba, wakampandisha Papa akiwa amelazwa juu ya mlango wa jiko letu waliokuwa wameung'oa. Mimi nilikaa naye nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Wanaume walikata kamba za msituni, wakazizungusha kwenye magurudumu ya nyuma, kamba juu ya kamba, mpaka mistari haikuonekana tena.

Sijawahi kuona gari likienda namna ile. Mume wangu aliliendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba maji. Kamba zilipokatika alisimama, wanaume waliokuwa wakitembea kandokando wakafunga nyingine. Kwenye mlima kabla ya Nyabiondo gari lilianza kurudi nyuma, likielekea ukingoni. Nilisikia injini ikilia, matope yakaruka mpaka usoni mwangu, na watu wakapiga yowe wakisukuma.

Hapo Papa aliinua kichwa. Kioo cha nyuma cha kamioneti kilikuwa kimevunjika siku nyingi, na kichwa cha mume wangu kilikuwa karibu kabisa.

"Mukwe," alisema Papa.

Mume wangu aligeuka kidogo. Hakuwa amewahi kuitwa naye moja kwa moja tangu ndoa.

"Ondoa muguu kwa mafuta. Usiilize gari. Acha irudi kidogo, ikamate majani pale kando, ndipo upande tena."

"Ndiyo, Papa."

"Polepole."

"Ndiyo, Papa."

Aliacha gari lirudi. Mwili wangu wote ulikataa, lakini lilirudi, gurudumu moja likakanyaga majani, likashika, tukapanda. Kuanzia pale walizungumza njia nzima, Papa amelala akitazama mawingu, akiuliza "Tuko wapi?" na mume wangu akimjibu, "Tuko kwa ule mukuyu," "Tuko kwa lile daraja." Papa alijua hali ya kila mahali bila kupaona. Mimi sikuhitajika kupitisha neno lolote.

Tulifika jioni. Masista walimpokea. Mfupa ulinyooshwa, akafungwa miti na bandeji, na wakasema atakaa kitandani mpaka mavuno.

Mume wangu alikaa nje kwenye ngazi za hospitali, matope mwili mzima. Nilimletea maji. Nilikuwa nimemkasirikia sana, na sikuficha.

"Sema," aliniambia.

"Uliona mwenyewe."

"Nilikanyaga breki. Haikushika kitu."

"Najua. Niliona."

Hakuniambia atafanya nini. Asubuhi aliacha gari pale misheni, akashuka kwa miguu hadi kwetu. Nilifikiri amekwenda kumwomba Mama msamaha, na hilo alilifanya pia. Lakini jambo lenyewe lilikuwa bariere. Bariere isiyo na mlinzi ilimaanisha serikali ingeweka mwingine, na Papa angetoka hospitali bila kazi. Mume wangu alikata mti mpya, akasimamisha panda, akafunga jiwe. Mzungu wa barabara alipopita kukagua alimkuta amesimama pale, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba yuko badala ya mzee mpaka apone. Mzungu alikubali, labda kwa sababu hakutaka kutafuta mtu mwingine.

Kwa hiyo msimu wote uliobaki dereva yule wa mbio alifunga na kufungua barabara. Madereva wenzake walimtania sana. Walimwuliza kama ameuza mabawa. Wengine walimkasirikia, maana alikuwa mgumu kuliko Papa. Hata wenye mipira ya meno aliwangojesha. Mmoja alimwambia maneno mabaya mbele yangu, naye akaenda kwenye kona kupima udongo kwa kisigino. Hakuwa na ujuzi wa Papa. Alipima mara nyingi kwa sababu hakujiamini.

Papa alirudi na fimbo, mguu mmoja umefupika. Hakuweza tena kufukia mifereji, lakini kuinua mti aliweza. Mume wangu akaenda kuchukua gari lake, akashuka nalo Goma, na aliporudi lilikuwa na meno nyuma na mistari mbele. Mbili za mistari zilizobaki aliziweka ndani ya nyumba yetu, nyuma ya kitanda, kwa miaka.

Papa alizunguka gari na fimbo yake. "Sasa iko na kiatu na ndara," alisema. Nadhani nilikuwa nimempa Mama habari za duka, naye akampa Papa. Mume wangu alikuwa wa kwanza kucheka.

Kwenye barabara ngumu meno yale yalinguruma hata hatukuweza kuzungumza, na usukani ulimtetemesha mpaka mabegani. Hakupenda. Hakuwahi kupenda. Kiangazi alipokuwa peke yake bado alikwenda mbio, nilijua kwa vumbi, na sikumwuliza. Mtoto wetu wa kwanza alizoea ngurumo ile tumboni mwangu, na alipozaliwa alilala vizuri ndani ya gari kuliko nyumbani.

Kamioneti tuliliuza injini ilipochoka, kwa mfanyabiashara mmoja wa mbuzi. Nililiona mara moja tena, sokoni Kitshanga, limejaa wanyama, na mipira yake minne ilikuwa ya aina nne. Nilimgusa mume wangu mkono nikamwonyesha. Alitazama kidogo, akasema rangi imeondoka sana, kisha akarudi kwa mama aliyekuwa anatupimia chumvi.